Mwanafunzi Kabla ya Mwalimu: Maandalizi ya Mmisionari Aendaye Kufundisha Ugenini

Mwalimu wa Marekani au Uingereza anayejiandaa kuja kufundisha katika shule ya kimisionari Afrika Mashariki ana mengi ya kukamilisha. Hukusanya ahadi za michango kwa waumini wenzake na jamaa, kwa kuwa wengi wa walimu hawa hawalipwi mshahara na shule. Hupimwa afya, huchanjwa homa ya manjano, huhakikisha vyeti, huomba kibali cha kazi na cha ukaazi, huuza gari na kupangisha nyumba. Mashirika mengi humpitisha katika kozi ya wiki chache kuhusu tofauti za tamaduni. Michango ikitimia kiwango alichopangiwa, huhesabiwa kuwa yu tayari, na si ajabu awe ameshika chaki kabla hajamaliza mwezi nchini.

Maandalizi hayo hayana budi kufanywa. Hata hivyo yanamwandaa kwa safari, wala hayamwandai kwa kazi. Hoja yangu ni kwamba mwalimu wa aina hii huanza kuandaliwa siku anapokuwa mwanafunzi wa watu anaokwenda kuwafundisha: ajifunze lugha yao kwa mwalimu wao, katika nchi yao, kabla ya kukabidhiwa darasa, kisha akubali kufanya kazi chini ya mamlaka yao. Sehemu ya kwanza ya hoja hii ilijulikana tangu karne ya 19. Ya pili ilichelewa mno kueleweka, na kuchelewa huko kuliacha majeraha ambayo makanisa yetu hayajayazungumza vya kutosha.

Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na katika mwaka huohuo akamzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Hakuwa na shule wala wanafunzi. Alichokuwa nacho ni kadhi wa Mombasa aliyekubali kukaa naye na kumsaidia kukitafsiri kitabu cha Mwanzo. Jambo hilo lina uzito kuliko linavyopewa katika historia za misheni: mhubiri wa Kikristo alianza kazi yake akiwa mwanafunzi wa mwanachuoni wa Kiislamu. Waongofu wa Krapf walikuwa wachache sana, lakini kamusi yake, iliyotoka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake, ni tunda la uanafunzi ule.

Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, UMCA, ilijifunza jambo hilo kwa gharama kubwa. Ilizaliwa kutokana na wito alioutoa David Livingstone Cambridge mwaka 1857. Msafara wake wa kwanza, ukiongozwa na Askofu Charles Mackenzie, ulikwenda Magomero katika Malawi ya leo mwaka 1861, ukajikuta katikati ya vita na njaa ambavyo wageni wale hawakuvielewa. Askofu alifariki Januari 1862. Mrithi wake, William Tozer, pamoja na Edward Steere, walihamishia kazi Unguja mwaka 1864, na hapo Sultani Majid akawakabidhi wavulana watano waliookolewa kutoka biashara ya watumwa. Shule ilianza na hao watano.

Steere alishika lugha kwanza. Kwa msaada wa wasomi na wasimulizi wa mjini Unguja alitunga kitabu cha kufundishia Kiswahili na kukusanya hadithi za Waswahili, na vitabu vyote viwili vikatoka mwaka 1870. Kuna jambo ambalo wanahistoria hulipita upesi: watoto wa Kiungani, shule iliyokua kutokana na mwanzo ule, wengi hawakuwa wenyeji wa pwani. Walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo walionyakuliwa bara. Kiswahili kilikuwa lugha ya kujifunza kwao kama kilivyokuwa kwa walimu wao, hivyo mwalimu na mwanafunzi walikaa mkeka mmoja. Naamini hali hiyo ndiyo iliyomwezesha A. C. Madan kuwasikiliza wanafunzi wale wakisimulia walivyotekwa na kuuzwa, akachapisha masimulizi yao mwaka 1887. Kamusi zake za 1894 na 1903 zilifuata. Huko Mbweni, Unguja, Caroline Thackeray aliyefika mwaka 1877 kuongoza shule ya wasichana alibaki hata baada ya kustaafu, hadi alipofariki mwaka 1926.

Lingekuwa kosa kuishia hapo, kana kwamba lugha pekee inatosha. Cecil Majaliwa, kijana wa Kiungani, alipewa ukasisi mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza wa UMCA kufika daraja hilo. Mwanglikana Mwafrika wa kwanza kuwa askofu Tanganyika, Yohana Omari, aliwekwa wakfu mwaka 1955, naye alikuwa askofu msaidizi. Kati ya miaka hiyo miwili imepita miaka 65, na karibu muda wote huo walikuwapo wamisionari waliojua Kiswahili vizuri kuliko watu wengi wa bara. Walijua lugha ya kufundishia, lakini kuongozwa na waliowafundisha hawakuwa tayari.

Kenya ilionja uchungu huohuo kwa namna kali zaidi. Mwaka 1929 baadhi ya misheni katika nchi ya Wakikuyu ziliwataka walimu na waumini watie saini au dole gumba kuukana ukeketaji pamoja na uanachama wa Kikuyu Central Association, chama cha siasa cha Wakikuyu. Siutetei ukeketaji hata kidogo. Ni madhara kwa wasichana na unapaswa kwisha. Lakini wamisionari wale, ambao baadhi yao walikuwa wakitafsiri maandiko kwa Gĩkũyũ, waliunganisha suala la mwili wa msichana na suala la siasa ya ardhi katika kiapo kimoja, wakashangaa madarasa yalipobaki matupu. Wazazi walianzisha shule zao za kujitegemea, na mwaka 1939 Mbiyu Koinange akaanzisha chuo cha walimu Githunguri. Walimu wageni walikuwa wanajua kusema. Kusikia ndiko kulikopungua.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Musoma. Machi 1955 Julius Nyerere alizungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa mjini New York kwa niaba ya TANU. Aliporudi aliacha kazi ya ualimu Pugu, akarejea kwao, na kwa muda akajipatia riziki kwa kuwafundisha mapadri wa Maryknoll kutoka Marekani lugha ya Kizanaki. Mwanasiasa aliyetazamwa kwa jicho baya na serikali ya kikoloni alikuwa mwalimu, na mapadri wa Kimarekani walikuwa wanafunzi wake. Mwaka 1970 alizungumza na masista wa shirika hilohilo huko New York, akawataka waamini wasimame na maskini dhidi ya miundo inayowakandamiza. Si maneno ambayo mtu huwaambia wageni asiowaamini. Makoko, nje kidogo ya mji wa Musoma, Maryknoll walijenga shule ya lugha iliyowafunza Kiswahili wamisionari wa mashirika mengi, na Walutheri wana kozi kama hiyo Morogoro. Vyombo vya kuandalia walimu, basi, vipo. Kinachokosekana ni sharti la kuvitumia.

Ivan Illich, aliyeanzisha mwaka 1961 kituo cha kuwafundisha Kihispania wamisionari wa Amerika ya Kaskazini huko Cuernavaca, Mexico, alifika mahali pa kukata tamaa. Mwaka 1968 aliwaambia vijana wa kujitolea wa Marekani waziwazi kwamba wasije. Simfuati hadi hapo. Shule za sekondari za vijijini zinahitaji walimu wa fizikia na hisabati, na mtoto asiye na mwalimu hawezi kusubiri nadharia zetu zikamilike. Lakini Illich aliona sawasawa kwamba kujifunza lugha ni kujifunza kunyamaza mbele ya mwenyeji, na mtu asiyeweza kunyamaza hawezi kufundisha ugenini.

Kuna wanaopinga wakisema kwamba shule hizi hufundisha kwa Kiingereza. Kwa shule za watoto wa wamisionari wenyewe, kama Rift Valley Academy ya Kijabe iliyoanzishwa 1906, hoja hiyo ina nguvu kiasi, ingawa hata huko wapishi, walinzi, walezi wa mabweni na majirani si watu wa kuzungumza nao kwa ishara. Kwa shule zinazopokea watoto wetu haina nguvu hata kidogo. Chukua mwanafunzi wa kidato cha kwanza nchini Tanzania aliyetoka shule ya msingi ya serikali. Amejifunza usanisinuru, mzunguko wa maji na sehemu za ua kwa Kiswahili, na huenda amevielewa vizuri. Januari anakutana na vitu hivyohivyo kwa Kiingereza, na ananyamaza. Mwalimu asiyejua Kiswahili hana njia ya kutofautisha ukimya wa asiyejua somo na ukimya wa anayejua somo ila hana maneno. Atamrudisha nyuma bure, au atampa alama mbovu kwa jambo ambalo mtoto angelieleza barabara katika lugha nyingine. Hilo ni kosa la taaluma, wala si upungufu wa adabu za kigeni tu.

Wengine husema muda ni mfupi: mkataba ukiwa wa miaka miwili, miezi sita ya lugha imekula robo yake. Basi mkataba ndio ubadilike. Edward Carey Francis aliacha nafasi yake ya mwanahisabati Cambridge, akafika Maseno mwaka 1928, akaongoza shule ya Alliance kuanzia 1940 hadi 1962, na baada ya hapo, badala ya kurudi kwao, akaenda kufundisha Pumwani, Nairobi, kama mwalimu wa kawaida hadi kifo chake mwaka 1966. Ukali wake na imani yake katika utaratibu wa Kiingereza vinajadilika. Lakini mkuu wa shule mashuhuri aliyekubali kushika daftari la mahudhurio chini ya mkuu mwingine anafundisha jambo ambalo kozi ya wiki tatu haiwezi kulifundisha.

Uamuzi huu uko mikononi mwa bodi za shule na dayosisi zetu kuliko mikononi mwa mashirika ya ng'ambo. Zinaweza kukataa kumpangia mgeni vipindi kabla hajakaa miezi sita na mwalimu wa lugha. Zinaweza kumtaka akae kwanza nyuma ya darasa la mwalimu mwenyeji, asome azimio la kazi na andalio la somo lake, na mwishoni apimwe na mkuu wa shule aliye mwenyeji, ambaye neno lake liwe na uzito kuliko barua ya wafadhili. Na katika fedha za michango zitenge kwanza ujira wa heshima kwa mwalimu wa lugha, ambaye hadi sasa huhesabiwa pamoja na matumizi madogomadogo.

Sharti hilo litufunge na sisi. Mitume wa Yesu, shirika la wamisionari Waafrika lililoanzishwa Moroto, Uganda, mwaka 1968, limewapeleka Waafrika kufanya kazi katika nchi zisizo zao, na makanisa yetu yanazidi kutuma walimu Sudan Kusini na Msumbiji. Mtanzania anayefika huko na Kiswahili chake safi pamoja na shahada yake ya ualimu ni mgeni kamili, na miezi yake sita ya kwanza ni ya kukaa chini na kufundishwa.