Watu Wetu na Baridi ya Kaskazini

Ukifungua vitabu vyetu vya hadithi utadhani theluji ni mali ya Wazungu peke yao. Wao wana theluji, sisi tuna mvua na vumbi. Mwandishi kijana akimtia mhusika wake kwenye theluji, wenzake humcheka: bwana wee, hayo umeyaona wapi? Mimi nasema baridi ya kaskazini ina historia ndani ya Kiswahili, tena historia ya zaidi ya miaka mia moja. Na kipande kimoja cha historia hiyo kinapita hapa hapa kwetu, wilaya ya Ngara.

Kwanza tuelewane juu ya baridi yenyewe. Sisi wa Rulenge si wageni wake kabisa. Juni na Julai ukungu hulala mabondeni, na kijana wa bodaboda hutoka alfajiri amejitia koti nene la mtumba, lililoshonwa kwa ajili ya theluji ya watu wengine huko mbali. Saa nne jua likipanda, analivua na kulifunga kiunoni. Basi hilo ndilo somo la kwanza la baridi: kujua saa ya kuvaa na saa ya kuvua. Tofauti ni kwamba kwetu ukikosea saa unatetemeka kidogo, basi. Huko kaskazini ukikosea unaweza kupoteza vidole, au roho.

Wa kwanza kumtaja hapa ni Salim bin Abakari. Mwaka 1896 alimfuata tajiri wake, Mjerumani aitwaye Bumiller, kutoka Berlin hadi Urusi, wakaingia Siberia. Siberia ni nchi ya kupinduka. Mji kama Omsk wakati wa kiangazi unaweza kupita nyuzi 30 za joto, na wakati wa baridi ukashuka mpaka nyuzi 40 chini ya sifuri. Ni kama kuishi katika nchi mbili bila kuhama nyumba. Salim aliandika habari za safari ile kwa Kiswahili, na Mjerumani Carl Velten akaichapa mwaka 1901 katika kitabu Safari za Wasuaheli. Fikiri, msomaji: mwaka 1901! Reli ya kati haijajengwa, na tayari Siberia imeshaandikwa kwa lugha hii unayoisoma sasa.

Wa pili ni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Alifika Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na mwaka 1903 kikatoka kitabu chake maarufu, Desturi za Wasuaheli. Akaoa Mjerumani. Mwaka 1905 alitaka kurudi nyumbani pamoja na mkewe, lakini wakoloni hawakutaka kuona Mwafrika ana mke Mzungu, wakazuiwa wasishuke. Ikabidi warudi Ulaya. Akafa Berlin mwaka 1927. Sasa hesabu mwenyewe ni majira mangapi ya baridi aliyoyala mzee yule, pamoja na yale ya mwaka 1916 kuingia 1917, vita inaendelea, viazi vimeharibika, na Wajerumani wanakula mizizi waliyozoea kulishia mifugo. Lakini kitabu chake kikubwa kinaeleza ndoa, ngoma na dawa za pwani. Baridi ya Berlin aliyoishi nayo kwa miaka hatuikuti humo.

Hapo ndipo moyo wangu unaposhtuka. Salim aliandika, ndiyo maana leo tunamjua. Wangapi walipita kwenye baridi wakaondoka na maneno yao?

Turudi Ngara sasa. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa Burundi, na Warundi wakaanza kuvuka mpaka kuja kwetu. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo ndani ya siku moja hivi, ikazaliwa kambi ya Benaco. Wanyarwanda wengi walirudishwa kwao Desemba 1996. Warundi walibaki Lukole, mpaka kambi ilipofungwa mwaka 2008. Miongoni mwa Warundi wa kambi zetu za magharibi walikuwamo waliokimbia kwao tangu mauaji ya mwaka 1972. Hao hawakuwa na shamba wala nyumba ya kurudia. Kuanzia mwaka 2007 Marekani iliwachukua kwa maelfu. Mtu aliyezaliwa ukimbizini, akakulia ukimbizini, akapandishwa ndege kwenda Buffalo, Burlington au Chicago.

Mama yangu alikuwa akipeleka ndizi kuuza Lukole, na huko akapata rafiki. Familia ya rafiki huyo ilikwenda Chicago. Mimi namwita mama mdogo, na mpaka leo hutupigia simu. Nilipomwuliza juu ya baridi nilitarajia atanieleza siku ile mbaya kuliko zote. Akanijibu:

"Mwanangu, siku ya baridi kali kila mtu anajifungia ndani, haina shida. Siku ya kuogopa ni ile inayopata jua."

Sikumwelewa mpaka aliponifafanulia. Katika majira yale ya baridi unaweza kuamka jua linawaka, theluji inayeyuka, maji yanachuruzika mapaani kama masika. Watoto wanakataa makoti, wanakwenda shule wepesi. Alasiri upepo unageuka kutoka kaskazini, na jioni yale maji yote ya mchana yamekuwa barafu nyembamba isiyoonekana. Hapo ndipo watu wazima wanapovunjika nyonga, magari yanapogongana, na mtoto aliyelowa miguu mchana anarudi vidole vimekufa ganzi. Mwaka wake wa kwanza, anasema, alianika nguo nje kwa sababu aliona jua. Alipozitoa kambani zilikuwa zimekakamaa kama mbao.

Kumbukumbu za hali ya hewa zinamwunga mkono. Tarehe 30 Januari 2019 Chicago ilishuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri. Haikupita wiki, joto likapanda juu ya sifuri na theluji ikaanza kuyeyuka. Na kuna mji mdogo wa Spearfish, South Dakota, ambako tarehe 22 Januari 1943 joto liliruka kutoka nyuzi 20 chini ya sifuri hadi nyuzi 7 juu ya sifuri, kwa dakika mbili tu! Sababu ni upepo mkavu unaoteremka milimani na kupata joto kadiri unavyoteremka.

Kupinduka huko ndiko kunakovunja vitu. Maji yakiganda hutanuka, kama sehemu moja ya kumi na moja ya ujazo wake, ndiyo maana mabomba hupasuka ukutani. Unaligundua siku ya joto, barafu inapoyeyuka na nyumba kujaa maji. Chumvi inayomwagwa barabarani huyeyusha barafu, lakini baridi ikizidi sana chumvi nayo inashindwa, inabidi mchanga. Na mtu naye ana kanuni zake: avae nguo nyepesi nyingi, moja juu ya nyingine, badala ya koti moja zito, ili apunguze au aongeze. Asikubali kulowa, hata kwa jasho. Bomba aliachie litiririke kidogo usiku. Mama mdogo anazijua zote. Alifundishwa na jirani yake, mama wa Kikongo aliyetangulia kufika, kwa Kiswahili, jikoni.

Naomba uliangalie sana neno hilo: kwa Kiswahili. Maana iko kanuni moja ambayo asiyeambiwa hufa. Sisi tukisikia baridi tunasogeza jiko la mkaa ndani. Nyumba zetu zina nyufa, hewa inapita, ingawa hata huku watu wamekufa kwa moshi. Nyumba za kaskazini zimezibwa kila mahali. Desemba 2006 tufani ilikata umeme katika mji wa Seattle na vitongoji vyake. Hita zikazimika. Watu wakawasha mkaa ndani, wengi wao wahamiaji, na zaidi ya 200 wakapata sumu ya hewa ya mkaa, ile isiyo na rangi wala harufu. Baadhi yao walikufa. Gazeti la Seattle Times likachapa onyo kwenye ukurasa wake wa kwanza kwa lugha kadhaa, Kisomali kikiwamo. Wale watu hawakuwa wajinga. Walifanya kile mama zao walichofanya kila msimu wa baridi, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwa lugha yao kwamba nyumba imebadilika.

Kwa hiyo, wenzangu mnaotaka kuwa waandishi, msidhani uandishi ni mapenzi ya mjini na upelelezi tu. Ngara iliwahi kulielewa jambo hili: mwaka 1995 shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera hapa wilayani, ili mkimbizi asikie habari kwa lugha anayoielewa. Redio inasema, upepo unachukua. Kitabu kinabaki. Salim bin Abakari amebaki.

Waliotoka Lukole sasa wanazeeka katika miji ya theluji. Watoto wao wanaongea Kiingereza na hawawezi kuwauliza mengi. Wenye Kiswahili cha kuwauliza ni sisi huku. Kama una ndugu, jirani au rafiki wa mama yako aliye kaskazini, mpigie. Usimwulize kama Marekani ni pazuri, hilo kila mtu anauliza. Mwulize alivaa nini siku ya kwanza, nani alimfundisha kutembea juu ya barafu, na siku ile ya jua ilimfanyia nini. Kisha andika, jina la mji na mwaka, kama alivyosema mwenyewe.