Kutoka sofi ya Ujiji hadi kalenda ya Matai

Kalenda ya mwaka uliopita haikai sana ukutani kwetu Matai. Januari ikiingia tu, watoto wanaimezea mate, maana karatasi yake ni nzito, inang'aa, na rangi yake haichuji kidoleni. Wanaitandaza sakafuni, wanaipiga mistari kwa rula, kisha wanaikata vipande vya pembetatu ndefu: kitako sentimita 2, urefu sentimita 28 hivi. Kitako kinawekwa juu ya spoku ya baiskeli na kuviringishwa taratibu hadi ncha iangukie katikati. Tone la gundi ya unga wa ngano, spoku inachomolewa, na ushanga umebaki mkononi, mnene tumboni, mwembamba huku na huku.

Ncha ikienda kombo hata kidogo, ushanga unachongoka upande mmoja na inabidi kufumua. Nimemwona mtoto wa miaka 6 akifumua mara nne bila kununa. Yule yule huchelewa kuosha vyombo, lakini kwa ushanga ana subira ya mvuvi.

Nikiwatazama nakumbuka kwamba kwa miaka mingi ushanga katika nchi hii ulikuwa kitu cha kuletwa. Wafipa wa huku kwetu waliyeyusha chuma kwenye malungu, yale matanuri ya udongo yaliyompita mtu kimo, na walifuma nguo kwa pamba yao wenyewe. Shanga za kioo, hizo zilitoka mbali: Venice, India na kwingineko, zikashushwa Unguja, zikapandishwa bara mabegani mwa wapagazi. Mwingereza Richard Burton, aliyesafiri na misafara hiyo kati ya 1857 na 1859, alitaja aina zipatazo 400. Nyekundu ziliitwa samesame, na watu walizibandika majina mengine ya kuzisifia. Mojawapo lilikuwa na maana ya kivunja mji, kwa jinsi wanawake walivyozitamani. Ziliuzwa kwa kete, yaani nyuzi za shanga, na kete 10 zilikuwa fundo moja.

Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika hili hili ambalo sisi tunalishukia Kasanga, ushanga ulikuwa pesa kabisa. Msafiri Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika huko mwaka 1874 akakuta soko zima linaendeshwa kwa sofi, shanga zilizofanana na vipande vya mrija wa kiko uliovunjika. Soko lilipofunguliwa, walikuwapo watu wenye mifuko iliyojaa sofi, wakiwabadilishia wanunuzi kwa shanga za aina nyingine. Soko lilipofungwa, watu wale wale walizipokea tena sofi kutoka kwa wauzaji. Walipata faida kwenda na kurudi. Anayevuka mpaka kwenda Zambia akakutana na wabadilisha kwacha anaijua biashara hiyo vizuri.

Ushanga wa karatasi una historia yake, nayo ilianzia kwenye mabaki. Uingereza katika enzi ya Malkia Victoria, wanawake walikata vipande vya karatasi za kubandika ukutani, wakaviringisha kwenye sindano za kufumia, wakatunga mikufu na mapazia ya milangoni. Ilikuwa kazi ya kupitishia jioni.

Huko Kampala ushanga huo haukuwa kazi ya kupitishia jioni. Katika mtaa wa Waacholi, huko Banda na Kireka, waliishi watu waliokimbia vita vya kaskazini mwa Uganda, na wanawake wengi walikula kwa kuponda mawe ya kokoto. Mwaka 2004 Wamarekani watatu, Torkin Wakefield, binti yake Devin Hibbard na rafiki yao Ginny Jordan, walimkuta mama mmoja jijini humo akiviringisha shanga za karatasi nje ya nyumba yake. Ufundi alikuwa nao, mnunuzi ndiye hakuwa naye. Wakaanzisha shirika la BeadforLife, shanga zikauzwa Marekani. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu mara nyingi husimuliwa kana kwamba wageni ndio waliofundisha. Walileta soko, na soko ni jambo kubwa, ila mikono ilikuwa tayari inafanya kazi.

Kwetu karatasi si shida. Matai ni makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, iliyoanzishwa mwaka 2012, na penye ofisi pana fomu, mabango na kalenda. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya kaki nayo imezidi, na ushanga wa kaki ukipakwa vanishi unafanana na mninga. Vanishi apake mtu mzima, nje, penye upepo. Uzi mzuri ni ule wa mshipi wa kuvulia. Watoto wa chini ya miaka mitatu wasiachiwe shanga, wanazimeza. Na kama mtoto anataka kuchanganya na mbegu za tipitipi, zile nyekundu zenye doa jeusi, mkatalie: ikitafunwa, ile ni sumu ya kuua.

Mwaka huu waligombania vipande vyekundu. Kwenye kalenda nyekundu ni chache, zipo tu kwenye Jumapili na sikukuu. Msichana mmoja alizikusanya zote, akamtungia bibi yake mkufu. Bibi aliuvaa, akaushika ushanga mmoja uliobakiza tarakimu, akausogeza karibu na jicho.

“Hii saba ni ya mwezi gani, mjukuu wangu?”

“Wa saba, bibi. Ni Sabasaba.”

Bibi akauzungusha mkufu mpaka ushanga ule ukakaa mbele.