Waya unaohesabu mwanga

Leo programu zikae kando kidogo, nataka tuzungumzie waya.

Mwaka 1911 Heike Kamerlingh Onnes, kule Leiden, Uholanzi, alipoza zebaki hadi nyuzi 269 hivi chini ya sifuri akakuta ukinzani wake wa umeme umetoweka ghafla. Miaka 90 ikapita. Mwaka 2001 Gregory Gol'tsman na wenzake wa Moscow, pamoja na watafiti wa Rochester, Marekani, wakaitumia tabia hiyo kunasa fotoni, yaani chembe ya mwanga, moja moja.

Ujanja wenyewe ni huu. Chukua utepe wa niobiamu na naitrojeni wenye unene wa nanomita chache tu, uupoze mpaka ukinzani uishe, kisha upitishe umeme unaokaribia kikomo chake. Fotoni moja ikigonga, pale mahali panapata joto, ukinzani unarudi, na kifaa kinatoa mdundo wa umeme. Mara utepe unapoa tena, tayari kwa fotoni nyingine.

Tatizo ni kwamba vihisio vya kwanza vilikosa fotoni nyingi kuliko zile vilizozinasa. Mwaka 2006 kundi la MIT liliweka kioo cha kurudisha mwanga kwenye utepe, likafika asilimia 57 kwa mwanga wa nanomita 1550 (mwanga wa aina hiyo hiyo unaopita katika nyaya za baharini zilizotua Mombasa mwaka 2009). Mwaka 2013 watafiti wa NIST na wenzao walitumia tangisteni na silikoni, wakafika 93. Gharama yake ilikuwa baridi kali zaidi, chini ya kelvini moja. Mwaka 2020 NIST ikatangaza 98.

Utaniuliza, asilimia 5 hizo za nini? Haya, tupige hesabu. Tuseme jaribio linahitaji fotoni 20 zinaswe zote kwa pamoja. Kwa kihisio cha asilimia 57 utafaulu kama mara 13 katika majaribio milioni moja. Kwa 93, mara 23 katika 100. Kwa 98, mara 67. Kwangu mimi hapo ndipo penye utamu wa historia hii.

Kuna na suala la ushahidi. Ukipima fotoni pacha kuona kama kweli zinakiuka mantiki ya kawaida, mbishi atakwambia zile ulizopoteza ndizo zingebadilisha matokeo. Ili kumnyamazisha sharti unase zaidi ya theluthi mbili ya zote, hasara za njiani zikiwemo. NIST ilifanya hivyo mwaka 2015, kwa vihisio hivi hivi.

Desemba 2020 mashine ya Jiuzhang kutoka Hefei, China, ilinasa hadi fotoni 76 kwa mkupuo. Ilikuwa na vihisio 100 vya aina hii, na vyote bado vilihitaji jokofu lake la baridi kali.