Mabishano juu ya Hasheem Thabeet: Funzo kwa Vijana Warefu



Tunapokutana sisi wazee wa shule hii, mazungumzo ya michezo hayakosi kufika kwa Hasheem Thabeet, na hapo ndipo tunapogawanyika kambi mbili. Kambi moja husema kijana huyu alifika mahali ambapo hakuna Mtanzania aliyewahi kufika kabla yake. Kambi ya pili husema alipewa bahati kubwa akaichezea. Hata wanafunzi wa sasa wameyarithi mabishano haya. Kijana akirefuka kupita wenzake huitwa "Thabeet," naye asijue kama anasifiwa au anachekwa. Kwa sababu hiyo naona yafaa tulitazame jambo hili kwa njia ya historia, yaani kwa miaka na tarakimu.

Hasheem alizaliwa Dar es Salaam tarehe 16 Februari, 1987. Mpira wa kikapu aliuanza akiwa na umri wa miaka 15 hivi. Baadaye alikwenda Marekani, akasoma shule ya sekondari huko Houston, Texas, na mwaka 2006 akajiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun. Alikuwa na urefu wa futi 7 na inchi 3, akachezeshwa senta, yaani yule mchezaji anayesimama karibu na kikapu kulinda lango na kugombea mipira inayorudi.

Washabiki wa Connecticut walikuwa na kipimo chao tayari. Miaka miwili tu kabla ya hapo alikuwa ameondoka senta wao Emeka Okafor, aliyewapa ubingwa wa mwaka 2004 na kuacha rekodi ya chuo ya kuzuia mitupo 441. Kila alichofanya Hasheem kilipimwa kwa Okafor. Mwaka wake wa kwanza alipata wastani wa pointi 6.2 kwa mchezo, na timu haikufuzu mashindano ya taifa ya vyuo. Mwaka wa tatu wastani ulikuwa pointi 13.6 na mipira ya kurudi 10.8, na alizuia mitupo zaidi ya minne kila mchezo. Dhidi ya Providence alipata pointi 15, mipira ya kurudi 11 na mitupo 10 aliyoizuia. Timu ilishinda michezo 31 ikafika nusu fainali ya taifa mjini Detroit, ambako ilifungwa na Michigan State 82 kwa 73. Katika miaka mitatu Hasheem alizuia mitupo 417. Mara mbili, 2008 na 2009, alitajwa kuwa mlinzi bora wa ligi ya Big East.

Waliomsifu walikuwa na hoja yenye nguvu. Walisema mlinzi wa namna hii hahesabiwi kwa mitupo aliyoizuia tu, bali pia kwa ile ambayo wapinzani waliogopa kuirusha. Tena walionyesha jinsi tarakimu zake zilivyopanda mwaka hadi mwaka, wakauliza: ikiwa amepanda hivi kwa miaka mitatu, atakuwa wapi baada ya mitano mingine?

Waliomtilia shaka nao hawakuwa wajinga. Walisema miguu yake haina uzito wa kutosha, hivyo husukumwa nje ya nafasi yake. Mikono yake haidaki pasi vizuri. Akipewa mpira mgongo ukielekea kikapu, hana mbinu nyingi za kufunga. Hoja yao ilipata ushahidi siku Hasheem alipotimiza miaka 22, tarehe 16 Februari, 2009. Connecticut, iliyokuwa namba moja nchini, ilipambana na Pittsburgh mjini Hartford. Senta wa Pittsburgh, DeJuan Blair, alikuwa na urefu wa futi 6 na inchi 7 tu, lakini alikuwa mpana na mwenye nguvu. Blair alipata pointi 22 na mipira ya kurudi 23. Waliponyang'anyana mpira alimbeba Hasheem juu ya bega akamwangusha chini. Pittsburgh ilishinda 76 kwa 68, na watu wakasema: mnaona, urefu peke yake hautoshi.

Hata hivyo mwisho wa msimu makocha wa Big East waliwapa wote wawili, Blair na Hasheem, heshima ya mchezaji bora wa ligi. Katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi ya kulipwa ya NBA, Juni 2009, Hasheem alichukuliwa wa pili na Memphis, nyuma ya Blake Griffin. James Harden alikuwa wa 3, Stephen Curry wa 7, na yule Blair aliyembeba begani alikuwa wa 37. Matokeo tunayajua. Mwaka wa kwanza Hasheem alipata kama dakika 13 kwa mchezo, na Februari 2010 akapelekwa kwa muda katika ligi ya chini ya maendeleo. Alipita Houston, Portland na Oklahoma City. Hadi mwaka 2014 alikuwa amecheza michezo 224 ya NBA kwa wastani wa pointi 2.2.

Je, basi kambi ya pili imeshinda? Nasema hapana, na sababu ni mbili.

Kwanza, washabiki walidhani wanabishana juu ya mchezo mmoja, kumbe ni michezo miwili. Katika vyuo vya Marekani senta aruhusiwa kukaa mbele ya kikapu chake muda wote apendao. Katika NBA, tangu msimu wa 2001/02, mlinzi hawezi kukaa katika eneo lile zaidi ya sekunde tatu kama hamkabili mpinzani kwa karibu. Tena mstari wa pointi tatu wa vyuo mwaka 2009 ulikuwa futi 20 na inchi 9 kutoka kikapuni, na wa NBA ulifika futi 23 na inchi 9. Kwa hiyo senta wa kulipwa hutolewa nje, hulazimika kukimbia kumfuata mpinzani na kurudi tena. Sifa kubwa ya Hasheem ilikuwa kusimama mahali pake kama mnara, na mahali penyewe alinyimwa kwa sheria. Walioona nguvu zake chuoni waliona kweli, ila hazikuwa za kuhamishika zote.

Pili, kila mtu alitaja futi na inchi zake, na wachache walihesabu miaka yake ya mchezo. Alipochaguliwa wa pili alikuwa na umri wa miaka 22, lakini katika mpira wa kikapu alikuwa na miaka kama saba tu.

Hapa najua nitajibiwa kwa jina la Hakeem Olajuwon. Yeye pia alichelewa kuanza, huko Lagos, na bado alichaguliwa wa kwanza mwaka 1984 na kuwa bingwa wa NBA mara mbili. Ni kweli. Lakini Olajuwon alikuwa amecheza soka na mpira wa mikono, ambavyo vilimpa wepesi wa miguu na viganja. Na alipokuwa Chuo Kikuu cha Houston, wakati wa likizo alikuwa akicheza katika ukumbi wa mjini dhidi ya Moses Malone, mmoja wa masenta wakubwa wa zama zile. Mtazameni pia Dikembe Mutombo wa Kongo. Alifika Georgetown mwaka 1987 akitaka kusomea udaktari, akaingia mikononi mwa kocha John Thompson, aliyekuwa senta mwenyewe, na katika mazoezi alisukumana na Alonzo Mourning. Alipoingia NBA mwaka 1991 alikuwa amekwisha kufunzwa na wapinzani wa kimo chake.

Msomaji mkali ataniuliza: kule Memphis, Hasheem hakuwa na Marc Gasol? Alikuwa naye. Lakini ligi ya kulipwa ina michezo 82 kwa msimu, na siku nyingi ni za safari. Pale ni mahali pa kazi, na asiyeiweza kazi hupewa kiti cha akiba. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Waliomweka wa pili walinunua samaki kwa matumaini ya kumkunja baadaye, kisha wakamlaumu samaki.

Ndiyo maana nasema neno "kipaji," kama washabiki walivyolitumia, lilipotosha pande zote mbili. Walibishana kana kwamba ni mali iliyofichwa ndani ya mwili wa kijana, ipo au haipo. Historia ya masenta hawa watatu yaonyesha kwamba kipaji hutegemea kalenda: ulianza lini, nani alikusukuma kila siku, na ulipewa muda gani kabla ya kuanza kuhukumiwa.

Kwa walimu wa michezo na wazee wenzangu naomba tuache kuwatafuta warefu wakiwa kidato cha nne. Mpeni mpira akiwa kidato cha kwanza, mwacheni acheze soka na mpira wa mikono pia, na mtafutieni mwenzake wa kumsukuma, hata kama ni kutoka shule jirani. Kwa wanafunzi nasema mkiitwa kwa jina lile, lipokeeni kwa heshima. Ni jina la kijana wa Dar es Salaam aliyezuia mitupo 417 katika chuo kikubwa cha Marekani, akiwa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Kisha ulizeni mazoezi ni saa ngapi.