Ngome Kongwe: kuta zilizomshinda Mazrui zinapokea wanamuziki

Tangu upande mmoja wa Beit el Ajaib ulipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili, mazungumzo ya Mji Mkongwe wa Zanzibar yamekuwa ni ya jengo hilo: nani alaumiwe, nani alipe, lini litasimama tena. Ni haki yake. Lakini hatua chache kutoka kwenye kifusi kile ipo Ngome Kongwe, iliyoitangulia Beit el Ajaib kwa zaidi ya miaka 180, na ambayo kila mwezi wa Februari hupokea maelfu ya watu wanaokuja kusikiliza muziki usiku kucha. Wapenzi wa muziki tunalifahamu vizuri jukwaa lake. Historia ya kuta zenyewe wengi hatujaisoma.

Waarabu wa Oman waliijenga baada ya kuwatoa Wareno, kati ya mwaka 1698 na 1701, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Mawe ni ya matumbawe, kuta ni nene, na minara ya pembeni inatazama bahari na mji. Hayo yamo katika kila kitabu cha wageni. Kisa ambacho vitabu hivyo hukipitia kwa mstari mmoja ni cha katikati ya miaka ya 1750, siku ngome hii ilipobakia peke yake mikononi mwa wenyewe huku mji wote umeshikwa.

Kisa hicho nimekifuata katika historia ya ukoo wa Mazrui iliyoandikwa kwa Kiarabu na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Ni historia ya ukoo iliyoandikwa na mtoto wa ukoo, kwa hiyo Mombasa ndiyo inayosema. Mwaka 1746 watu wa Imamu Ahmed bin Said, mwanzilishi wa utawala wa Albusaidi, walimuua Liwali wa Mombasa, Muhammad bin Uthman, kwa kuwa alikataa kumtambua Imamu huyo. Nduguye Ali akatiwa kifungoni Fort Jesus. Ali akatoroka, akakusanya watu wake, akarudi usiku na kuiteka ngome ile ile aliyofungwa, na aliyekuwa ameshika mahali pa nduguye hakutoka hai.

Mtu wa namna hiyo hakutosheka na Mombasa. Alipokwisha kujiimarisha alipakia askari majahazini, akavuka kuja Unguja ili kuung'oa mkono wa Imamu katika pwani yote. Mji ukamwelekea vizuri. Watu wa Imamu wakasukumwa, mtaa kwa mtaa, mpaka wakajifungia ndani ya Ngome Kongwe. Ilibaki hiyo tu. Laiti ingeanguka, huenda historia ya Zanzibar ingeandikwa na kina Mazrui, na Seyyid Said, mtawala wa Oman, asingepata mahali pa kuhamishia makao yake katika karne iliyofuata.

Haikuanguka. Ali bin Uthman alichomwa kisu kambini kwake na jamaa yake wa karibu, Khalaf, wakati ushindi unaonekana kwa macho. Jeshi likakosa kichwa. Mwenzake Masud bin Nasir akawakusanya watu, wakapanda vyombo, wakarejea Mombasa, na Masud akawa Liwali badala yake. Hivi ndivyo kuta hizi zilivyosalimika: kwa unene wake, na kwa fitina ya watu waliokuwa nje yake. Ningependa kijana anayepanga foleni ya kiingilio mlangoni ajue kwamba foleni hiyo inapita pale pale palipozingirwa.

Baada ya hapo ngome ilishuka hadhi. Katika karne ya 19 ilikuwa jela, na adhabu za kifo zikitekelezwa nje ya ukuta wa mashariki. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa bohari la ujenzi wa reli ndogo ya kwenda Bububu. Mwaka 1949 ua wake ulitengenezwa uwe kiwanja cha tenisi cha klabu ya wanawake, na kwa wakati ule palikuwa mahali pa nadra ambapo mwanamke wa mjini angeweza kukimbia nyuma ya mpira bila ya macho ya barabarani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ukimya ukatanda.

Muziki wenyewe ulikuwa jirani muda wote huo. Beit el Ajaib ilijengwa mwaka 1883 na Seyyid Barghash, yule yule aliyemtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza kupiga kanuni ili aje awafundishe wengine. Taarabu ya mwanzo ilikuwa ya jumba la Sultani, kwa Kiarabu, kwa walioalikwa. Mwaka 1905 vijana wa mjini wakaunda chama chao cha muziki, Ikhwani Safaa, ambacho mpaka leo kingali hai. Halafu akaja Siti binti Saad kutoka kijiji cha Fumba, mwanamke wa asili ya utumwa, akaiimba taarabu kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi sahani za santuri zilizouzwa pwani nzima. Shaaban Robert aliona maisha yake yanastahili kitabu, akakiandika: Wasifu wa Siti binti Saad. Anayetaka kuelewa kwa nini umma unaingia Ngome Kongwe leo kwa miguu yake, pasipo barua ya mwaliko, aanzie hapo. Siti ndiye aliyeitoa taarabu jumbani.

Ukumbi wa wazi wa ngazi za mawe ulijengwa ndani ya ngome katika miaka ya 1990. Mwaka 1998 likaanza tamasha la filamu la nchi za jahazi, ZIFF, na Februari 2004 likaanza tamasha la muziki la Sauti za Busara. Hapo ndipo ngome ikawa nyumba ya muziki. Mchana maandamano ya beni na ngoma hupita mitaani, na jioni watu humiminika mlangoni, majukwaa mawili yakipokezana: moja kwenye majani ya uwanja, jingine kwenye ngazi. Wenyeji hulipa kiingilio kidogo kuliko wageni, jambo ambalo ni la haki na lisiguswe. Hapa wamepita Thandiswa Mazwai wa Afrika Kusini, Nneka wa Nigeria na Cheikh Lô wa Senegal, na wamepita Culture Musical Club, kikundi kilichoanza mwaka 1958, violini na akodioni zao zikijaza uwanja kama vile ngome ilijengwa kwa ajili yao.

Na amepita Bi Kidude. Fatuma binti Baraka alikuwa mtoto alipomsikiliza Siti, na alipopanda jukwaa la Ngome Kongwe alikuwa bibi ambaye hakuna aliyejua kwa yakini ana miaka mingapi. Alipiga ngoma yake ya unyago kiunoni na uwanja mzima ukamfuata, vijana wa mitaa ya Ng'ambo na Wazungu kwa pamoja. Mwaka 2005 maonyesho ya muziki ya WOMEX yalimtunuku tuzo yake. Alifariki Bububu tarehe 17 Aprili 2013. Waliomwona pale hawahitaji kuelezwa kwa nini sauti iliyochakaa inaweza kuzidi sauti nyororo.

Sauti za Busara ina sharti moja ambalo mimi naliunga mkono kwa moyo wote: kila anayepanda jukwaani apige laivu. Hakuna kuimba juu ya CD. Katika miaka ambayo matamasha mengi ya Dar es Salaam yalizoea msanii ashike maikrofoni huku muziki ukitoka kwenye mashine, sharti hili liliwaudhi baadhi ya wasanii wa Bongo Fleva na mameneja wao. Bendi ni gharama. Mazoezi ni gharama. Lakini msanii aliyelazimika kutafuta mpiga besi na mpiga dramu ili apande Ngome Kongwe alitoka pale akiwa ni mwanamuziki zaidi kuliko alivyoingia, na wapiga vyombo wetu wakapata kazi. Wanaolalamika kwamba vyombo vya asili vinakufa wangelipigania sharti hili kila mahali.

Mwaka 2016 tamasha halikufanyika, kwa sababu fedha za wafadhili hazikutosha. Unguja ilikuwa katika mkwamo wa uchaguzi uliofutwa Oktoba 2015 na kurudiwa Machi 2016, na Februari ile ikapita bila ya ngoma ngomeni. Likarudi 2017. Mwaka 2021, kumbi za London na Paris zikiwa zimefungwa kwa korona, Ngome Kongwe ilipiga muziki kwa siku mbili. Mwaka 2023 waandaaji walihesabu awamu ya 20. Katika miaka hiyo yote swali la fedha limekuwa lile lile, na sehemu kubwa ya jibu imetoka nje ya nchi, ilhali nyumba za wageni, teksi na migahawa ya Forodhani hujaa kila Februari. Wafanyabiashara hao wanafaidika, wachangie.

Jambo jingine ni kuta zenyewe. Mawe ya matumbawe na chokaa hunywa maji ya mvua, na spika za leo si gitaa na udi. Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na orodha hiyo haikuizuia Beit el Ajaib kuanguka. Naiomba mamlaka inayosimamia Mji Mkongwe itoe hadharani, kabla ya kila msimu wa matamasha, taarifa ya wahandisi kuhusu minara, ngazi na kuta za ngome: nini kimekaguliwa, nini kina nyufa, na uwanja unaweza kubeba watu wangapi. Taarifa hiyo ibandikwe mlangoni, kwa Kiswahili, pale pale tunapokatia tiketi.