Nani Atawatafiti Watoto wa Kakamega?

Mwaka 1973 wanazuoni Weusi wa Marekani waliunda kundi lao ndani ya chama kikuu cha watafiti wa makuzi ya watoto nchini humo, chama kilichoanzishwa mwaka 1933. Walichoka kuona mtoto Mweusi akipimwa kwa kipimo cha mtoto Mzungu, kisha kila tofauti ikiitwa upungufu. Diana Slaughter-Defoe na wenzake waliandika historia ya miaka 25 ya mwanzo ya kundi hilo, ikachapishwa 2006.

Kakamega, magharibi mwa Kenya, nayo ina sehemu yake katika historia ya utafiti wa makuzi ya watoto, na katika swali la nani anawatafiti.

Katika nusu ya pili ya miaka ya 1960, John na Beatrice Whiting wa Harvard waliongoza kitengo cha utafiti wa makuzi ya mtoto Nairobi, ambako wanafunzi Wakenya pia walipata mafunzo. Mtafiti Thomas Weisner alikwenda Kisa, ambayo leo iko Khwisero, Kakamega, na mtaani Kariobangi, Nairobi, akazifuata familia zenye makazi mawili: baba kibaruani mjini, mama shambani, watoto wakihamahama kati yao. Huko Maragoli, iliyokuwa bado ndani ya Wilaya ya Kakamega, watafiti Robert na Ruth Munroe waliandika mwaka 1971 kwamba mtoto mchanga wa boma lenye watu wengi hubebwa zaidi, na akilia huitikiwa upesi.

Matokeo hayo yalikuwa na uzito. Nadharia zilizotawala wakati ule zilimtazama mama peke yake kama nguzo ya malezi. Mwaka 1977 Weisner na Ronald Gallimore walionyesha kwamba katika jamii nyingi duniani kaka na dada ni walezi muhimu. Jambo hilo kila nyanya wa Kisa alilijua, lakini majina yaliyotangulia kwenye makala yalikuwa ya wageni.

Wakenya walianza kushika usukani hatua kwa hatua. Kituo cha kitaifa cha elimu ya awali, kilichoundwa mwaka 1984 chini ya Taasisi ya Elimu ya Kenya, kilihimiza hadithi na nyimbo za lugha za nyumbani ziingie darasani. Mwaka 1997 Joshua Akong'a, Simiyu Wandibba na A.B.C. Ocholla-Ayayo walishirikiana na Weisner na wenzake katika kitabu kuhusu familia za Kiafrika na misukosuko ya mabadiliko. Mwaka 2008 Amina Abubakar alitangulia katika orodha ya waandishi wa makala iliyotathmini kipimo cha makuzi kilichotengenezwa huko huko Kilifi kwa ajili ya watoto wa eneo hilo.

Kakamega sasa ina Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili 2007, na Khwisero ni safari ya matatu tu kutoka hapo. Wajukuu wa familia zile za Kisa wanasoma madarasa ya awali, PP1 na PP2, na dada zao wakubwa wako shuleni kutwa nzima. Nani basi anambeba mdogo wao mchana? Swali hilo linamfaa mtafiti anayeweza kuliuliza kwa Kiluhya cha Kisa, bila mkalimani.