Tarakimu Tangulizi: Kutoka Simu ya Mezani hadi Kadi ya Benki

Wafasiri wengi, wakutanapo na tarakimu zinazotangulia namba ya simu au ya kadi ya benki, huziita "kiambishi awali". Istilahi hiyo imeazimwa kutoka sarufi, na kwa Mnyambo wa Karagwe au Kyerwa haina ugeni: asemapo omuntu na abantu, mwanzo wa neno umekwisha kumjulisha msikilizaji ngeli na idadi. Lakini tarakimu hujulisha nini? Jibu limebadilika kadiri miaka ilivyopita.

Katika simu za mezani hutaja mahali. Mathalani, 028 ni ya mikoa ya Kanda ya Ziwa, nayo Karagwe imo humo pamoja na Mwanza na Mara, na Kyerwa pia, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Zilipokuja simu za mkononi mahali pakafutika, ikatajwa kampuni: 075 ya Vodacom, 078 ya Celtel, ambayo mwaka 2008 iliitwa Zain na mwaka 2010 Airtel. Jina lilibadilika mara mbili, tarakimu zikatulia. Kisha, tarehe 1 Machi 2017, mteja aliruhusiwa kuhama kampuni pasipo kuacha namba yake. Tangu hapo 075 yaeleza namba ilikozaliwa, si kampuni inayomhudumia mwenye simu leo. Miongozo mingi bado haijalitambua jambo hilo.

Kadi ya benki ina utaratibu wake, uliowekwa na Shirika la Kimataifa la Viwango katika kiwango namba 7812. Tarakimu ya kwanza hutaja aina ya shughuli. 4 na 5 ni za mabenki na fedha, na ndiyo maana kadi za Visa huanza kwa 4 na nyingi za Mastercard kwa 5. Benki iliyotoa kadi haijulikani mpaka zisomwe tarakimu sita za mwanzo kwa pamoja. Toleo la mwaka 2017 lilizifanya nane, na utekelezaji ukaanza Aprili 2022. Zifuatazo ni za akaunti, na ya mwisho ni ya kuhakiki. Hapa "kiambishi" hakitoshi, maana ndani ya mwanzo mmoja mna mwanzo mwingine. Yafaa "tarakimu tangulizi" liwe jina la jumla, na zile sita au nane ziitwe "namba ya mtoaji".

Suala hili si la wafasiri peke yao. Mkulima wa kahawa wa Kayanga au Nkwenda aweza kupigiwa simu na mtu anayemsomea tarakimu za mwanzo za kadi yake, kana kwamba huo ni ushahidi wa kutoka benki. Tarakimu hizo hushirikiwa na wateja wengi wenye kadi za aina moja; aliyeiona kadi moja amekwisha kuzijua. Kwa hiyo mwongozo ukiandika kwamba "humtambulisha mteja", umemsaidia mwizi. Hapana budi iandikwe: namba ya mtoaji hutambulisha benki iliyotoa kadi, haimtambulishi mwenye kadi, wala mtu anayeitaja.